Nguzo ya Ine

Ulikuwa unamusikia mbele ya kumuona. Alifunga mafunguo kwenye kamba kiunoni, funguo saba, na katika zile saba ni tatu tu zilizofungua kitu: stoo ya maharagwe, sanduku la sindano, na mulango wa nyumba tulimolala. Zile ine zingine zilikuwa za milango iliyokwisha kuoza, lakini hakuzitupa. Siye wasichana tulimuita Mama Kapita, maana ni yeye aliyetuongoza kwenda shamba, kwenda mutoni na kwenda kulala, na nyuma ya masera, wale watawa Wazungu, hakuna muntu mu shule ile aliyekuwa na amri kumupita. Jina lake la ubatizo ninalijua. Sitaliandika. Majina ya wengine mutayaona hapa, lakini lake nimelibeba miaka mingi bila kujua niliweke upande gani.

Nianze na hili, musingojee. Nyuma ya vita ya Wazungu, paa la nyumba yetu ya kulala lilituangukia, saa tisa ya mchana, mvua ya mawe inanyesha. Wasichana sita walikufa. Miye nilitoka na muguu huu ambao unajua mvua inakuja mbele ya miye kujua. Kwenye misioni walisema ni mapenzi ya Mungu, wakaimba, wakazika. Mungu hakubeba majani juu ya paa lile. Waliobeba ninawajua. Na wiki tatu mbele ya siku ile, Mama Kapita aliulizwa mbele ya watu wote kama nguzo za nyumba ziko nzima, akajibu maneno mawili: "Iko nguvu." Nilichotaka kwake ni hicho tu. Aniambie kwa nini alisema vile.

Alikula amesimama. Hakuna aliyemuona amekaa na sahani. Alishika ugali mu mukono wa kushoto, akatembea kati yetu, akauma, akahesabu vichwa. Tukimuuliza alisema, "Nikikaa, nani atawaona munapoibiana nyama?" Nyama yenyewe tuliipata Noeli na Pasaka. Alikuwa murefu, mukavu, na kwenye paji la uso alikuwa na alama ya kamba ya kubebea mizigo, imeingia kabisa, ungelaza kidole ndani. Alibeba mawe ya musingi wa shule ile kwa kichwa chake, yeye na wasichana wa kwanza kabisa, wakati masera walipokuwa bado wanalala mu hema. Alipenda kutukumbusha. Ukichelewa kuamka: "Miye nilibeba jiwe ambalo unalala juu yake." Ukilalamika chumvi: "Jiwe halikuwa na chumvi."

Siye wa Walikale alituita watu wa nyani. Tulikuwa wachache, tuliotoka porini kule Buleusa na Mpofi, tumetembea siku nyingi kufika kwenye milima ya Masisi, na baridi ilitukuta hatuna hata nguo ya kujifunika. Siku moja kwenye shamba la viazi alimuuliza Sabina, rafiki yangu wa Mpofi tuliyelala naye mukeka mumoja:

"Weye, ni kweli kwenu munakulaka na nyani sahani moja?"

Sabina hakuinua hata kichwa. "Tulimuita, Mama. Alikataa. Alisema iko chafu."

Wasichana wote waliacha majembe. Tulingojea fimbo. Mama Kapita aligeuka, akatupa mugongo, akaangalia mulima mwingine muda murefu, na tuliona mabega yake yanatikisika. Aliporudi uso wake ulikuwa mukavu kama kawaida. "Nyani iko na akili," alisema. "Lima."

Na huyu aliyetutukana njo yeye mwenyewe, kila siku ya Mungu, Jumapili, nyuma ya misa, aliyefungua sanduku la sindano na kuniita miye wa kwanza. Miguu yangu ilikuwa imejaa tekenya, wale wadudu wanaoingia chini ya kucha na kutaga humo. Alikaa chini, ndiyo, kwa hilo alikaa. Aliweka muguu wangu kwenye paja lake, akachimba, akatoa mufuko wa mayai muzima bila kuupasua, akauchoma kwenye makaa. Mara moja tu, nilipolia, alisema, "Uongo iko sawa tekenya. Inaingia mudogo, inatoka na kidole." Sikuwa nimesema uongo siku ile. Sijui alikuwa anaongea na nani.

Uongo aliuchukia kuliko wizi. Msichana aliyeiba kiazi akakubali, alilima nusu siku. Aliyeiba akakana, alilima wiki nzima, na tulikatazwa kumusemesha. Mara moja aliniweka mu kimya kile kwa sababu ya kijiko kilichopotea. Siku ya ine nilitamani anipige tu. Kwa hiyo musiniambie hakujua uongo ni nini.

Sasa paa.

Shule yetu ilikuwa na desturi ambayo sijaiona mahali pengine. Msichana akimaliza, akaolewa, kila mwaka wakati wa jua unapokaribia kuisha alirudi na fungu moja la majani aliyokata kwao, akaliweka juu ya paa, palepale juu ya mahali alipolalaka. Walitoka Masisi yote, wengine mpaka Walikale, na watoto mugongoni, majani kichwani. Walijiita bana ba paa, watoto wa paa. Nguzo za katikati zilikuwa sita, na kila mumoja alijulikana kwa nguzo yake. Wakikutana sokoni wawili wasiojuana, mumoja akasikia mwenzake anaimba wimbo wa masera, hakumuuliza jina wala bwana wake. Aliuliza, "Ulilala wapi?" Na mwenzake alijibu, "Nguzo ya pili," ao "Ya tano, karibu na mulango," na walikumbatiana kama wametoka tumbo moja. Walitoleana mahari za watoto, walizikana. Hiyo sitaidharau. Mama yangu aliponizalia mudogo wangu wa mwisho akataka kufa, mwanamuke wa nguzo ya kwanza ambaye hatukumujua alilala kwetu siku nane.

Lakini desturi ilikuwa na shina baya. Fungu likiwekwa halikutolewa. Kutoa majani ya muntu ilikuwa kumufukuza kwa mama yake. Akifa, ndiyo kabisa: aliachiwa mahali pa kulala atakaporudi. Waliweka tu juu yake. Miaka zaidi ya kumi, mafungu juu ya mafungu, ya chini yameoza, ya juu mabichi, na panya katikati wanajenga misioni yao. Kwa nje paa lilikuwa limenenepa, kimo cha muntu aliyekaa. Msichana mumoja mugeni wa Masisi alivuta siku moja tita la majani yaliyooza lililomuangukia kwenye mukeka, akataka kulitupa. Mama Kapita alimupiga kofi. "Unatupa mama ya nani?" Akalichukua lile tita, likivuja maji meusi, akapanda ngazi akalirudisha.

Mwenye sauti kati ya bana ba paa alikuwa Mama Yosefina, bibi ya karani wa teritwari, ofisi ya serikali. Ninaandika jina lake wazi. Fungu lake lilibebwa na wanaume wawili. Wengine walileta fungu, yeye alileta muzigo, ili watu waseme. Miaka mingi nyuma ya paa kuanguka, nikiwa nimekwisha kuzeeka na uchungu kama munavyoniona, nilimukuta sokoni anachagua vitunguu. Nilikuwa naimba bila kujijua. Alisikia wimbo, akageuka, meno yote nje.

"Dada! Ulilala wapi?"

"Nguzo ya ine," nilimujibu.

Meno yaliingia. Aliangalia muguu wangu. Alirudia kuchagua vitunguu, kimoja, kimoja, akivigeuza kama vimeandikwa kitu chini. Mama aliyeuza alimuuliza, "Mama, unatwaa ao hautwae?" Aliviacha vyote akaenda. 

Nirudi kwenye mwaka ule. Alikuja masera mukubwa mupya, Masera Aldegonda, kijana, mwekundu, anatembea mbio mbio. Aliangalia paa letu siku ya kwanza, akaagiza mabati. Yalifika kwenye vichwa vya wabebaji, yanang'aa, tulijiangalia nyuso ndani yake. Sabina alitoa ulimi, akasema, "Angalia, miye niko Muzungu." Habari ilitembea mbio kuliko wabebaji. Nyuma ya siku tano bana ba paa walijaa uwanja wa misioni, kila mumoja na fungu lake, na wakati wao haukuwa umefika. Walikaa juu ya majani yao mbele ya mulango wa nyumba ya kulala. Hawakufanya fujo. Walikaa tu, wakanyonyesha, wakapika.

"Masera," Mama Yosefina alisema, amesimama katikati, "mabati haina mama. Ile majani iko na mama. Batatu banalala kule juu bamekufa. Utabapeleka wapi?"

"Majani iko muzito," Masera alisema. Swahili yake ilikuwa ya miezi miwili. "Mvua ikiya, iko muzito sana. Nyumba itaanguka ku batoto."

"Miaka kumi na zaidi haijaanguka. Imeona weye njo inataka kuanguka?"

Wanawake walicheka. Nilicheka pia. Niandike hilo.

Padri Wilibrodi alitoka na kofia yake. Huyu naye ninaandika. Aliwapenda bana ba paa maana waume zao walileta mbao na maharagwe kwenye misioni, na bwana ya Mama Yosefina aliandika barua zake kwenye teritwari. Hakutaka kelele. Alisema, mutu anayejua ile nyumba ni Kapita, tumuulize Kapita, atakavyosema njo itakuwa.

Hapa murudi nyuma na miye siku mbili. Kila posho, mwisho wa wiki, Mama Kapita alizunguka nguzo, akazipiga na funguo kubwa ya chuma na kusikiliza. Nguzo nzima inajibu kavu. Miye nilimufuata na kikapo cha majivu ya kumwaga chini, kwa ajili ya mchwa. Ya kwanza, kavu. Ya pili, ya tatu, kavu. Ya ine alipiga, akasimama. Akapiga tena, chini zaidi. Akaweka sikio.

"Umesikia nini?" aliniuliza.

"Inalia sawa kibuyu, Mama."

Alitoa sikio kwenye nguzo. "Haukusikia kitu. Mwaga majivu."

Kwa hiyo nilikuwa uwanjani pale, ninajua, na mukono wa Sabina mu mukono wangu, wakati Padri alipomuuliza. Wanawake wote walimugeukia. Wengine alikuwa amewatoa tekenya, wengine alikuwa amewafunga kitambaa cha ndoa kwa mikono yake. Masera Aldegonda alimuangalia pia, peke yake upande wa pili, na mabati nyuma yake. Mama Kapita alishika mafunguo yasilie.

"Nguzo iko namna gani, Kapita?"

"Iko nguvu," alisema.

Walipiga vigelegele. Walipanda siku ileile, waliweka mafungu yote, na la Mama Yosefina la wanaume wawili liliwekwa juu ya nguzo ya ine maana njo alilalaka hapo. Mabati Padri aliezekea nyumba ya nguruwe wake. Wiki tatu nyuma yake mvua ya mawe ilinyesha juu ya nguruwe wale na juu yetu, sawasawa. Nguruwe walitoka wakavu wote.

Kuna kitu kimoja alifanya. Mangaribi ya siku ya vigelegele alikuja kwenye mukeka wetu, miye na Sabina, chini ya nguzo ya ine, akaukunja bila kusema. Alitupeleka ukutani, mahali pa baridi, akawahamisha na wadogo wengine waliolala karibu. Akaleta mukeka wake mwenyewe kutoka mulangoni, alipolalaka miaka yote, akautandika chini ya nguzo ile. Tulikasirika sana. Mahali petu palikuwa pazuri, moto ulikuwa karibu. Sabina alisema Kapita amezeeka, anatafuta joto, ametunyang'anya. Alilala pale kila siku, wiki tatu. Hakumuambia muntu kwa nini.

Siku ile alikuwa nyuma ya jiko anaanua maharagwe, maana wingu lilikuja mbio. Siye tulikimbia kutoka shamba, mawe ya mvua yanatupiga vichwa, tukaingia ndani tunacheka, tumelowa. Sabina alinivuta.

"Kuya kwetu. Kapita hayuko."

Tulikaa kwenye mukeka wake. Wengine walituona, wakaja, maana moto ulikuwa pale. Tulikuwa tunakausha nywele. Sabina alilala chali, akanyoosha mikono na miguu, akasema kwa sauti ya Kapita, "Miye nilibeba jiwe ambalo unalala juu yake," na tulicheka mpaka machozi. Sauti niliyosikia nyuma yake haikuwa ya kuvunjika. Ilikuwa kama muntu muzito amekaa.

Alituchimba kwa mikono. Wengine walitafuta majembe, yeye alichimba na mikono, akitupa mafungu ya wenyewe huku na kule, ya wafu na ya wazima, hakuangalia ni mama ya nani. Alinitoa miye. Akarudi. Nilimusikia anaita Sabina kwa jina lake. Mbele hakuwahi kutuita kwa jina.

Kesho yake waliponibeba kunipeleka dispansari, tulipita nyuma ya jiko. Kulikuwa na muti umelala pale, murefu, mupya, umekwisha kutolewa maganda, umechongwa kichwa. Nguzo. Alikuwa ameikata yeye, kidogo kidogo, bila kumuambia muntu, na alikuwa anangoja bana ba paa wa mwisho waliobaki misioni waende makwao ili aibadilishe kimya. Ilikuwa bado siku kidogo. Fundi wa misioni aliikata vipande, akatengenezea misalaba sita, mumoja wa Sabina.

Bana ba paa walikuja kulia. Mama Yosefina alilia kuliko wote. Halafu walisema ni Masera Aldegonda, aliwalaani na mabati yake, na yeye akapelekwa misioni nyingine. Mama Kapita alifukuzwa bila kelele. Padri Wilibrodi alimupa blanketi. Hakuna aliyemuuliza kitu, maana angejibu, na wangesikia sauti yao wenyewe mu jibu lake.

Nilimukuta karibu mwaka mumoja mbele ya uhuru. Nilikuwa ninatoka Mpofi na muzigo wa ndizi, nikamuuliza mama mumoja wa njia maji ya kunywa. Akasema, "Uliza kwa ule mama kiziwi, iko na mutungi." Nilisikia mafunguo mbele ya kumuona.

Alikuwa amekunjika. Nyumba yake ilikuwa moja, ya majani, ndogo, peke yake kwenye mutelemko, hakuna bwana, hakuna mutoto, jirani wa karibu ni mbali ya kuita. Aliangalia namna ninavyotembea kutoka chini mpaka nilipofika.

"Mutoto wa Buleusa," alisema. "Wa matekenya."

Nilikuwa nimetengeneza maneno miaka kumi na moja. Niliyapiga kelele yote mbele ya uso wake. Juu ya nini ulisema iko nguvu? Ulisikia! Miye nilikuwa pale, nilibeba majivu! Juu ya nini? Aliangalia kinywa changu kinavyofunguka na kufunga. Nilipomaliza alinipa maji. Nilifikiri hakupata hata neno moja.

Halafu alifungua kamba kiunoni, akanipa ile funguo kubwa.

"Masikio yangu imekufa," alisema. "Piga ile nguzo ya mulango, uniambie iko namna gani. Hapa hakuna mutu wa kuniambia."

Nilipiga. Ililia kibuyu. Nilipiga chini zaidi, na funguo iliingia ndani kama kwenye muhogo uliooza. Niliangalia juu: paa la majani, zito, limelowa. Niliangalia wingu upande wa pori. Niliangalia jiko lake la mawe matatu, chungu kimoja, blanketi la Padri lililochakaa limeanikwa. Nikimuambia, ataenda wapi leo? Kwa nani? Nitamutoa nje na mvua inakuja, nimuache kwenye njia?

"Iko nguvu, Mama," nilisema.

Hakutoa macho kwenye kinywa changu. Alitwaa funguo yake, akaipangusa unga wa mchwa kwenye kitambaa.

"Njo vile na miye nilisema."

Sikumusamehe. Nilishuka kwa jirani, nikaazima panga, nikaenda mu pori kukata muti. Muguu huu ulinifanya nichukue mpaka kesho yake kuukata, kuutoa maganda na kuuburuta. Niliporudi alikuwa amechimba shimo na kijembe, amesimama anakula ndizi, anangoja. Tulisimamisha nguzo mupya pamoja, tukashindilia udongo na miguu, tukatoa ile nyingine ikatuangukia mikononi vipande vipande.

Alifungua kamba, akachukua funguo kubwa, akaupiga muti wangu mara tatu. Halafu aliniangalia kinywa, akangoja.

Muti ulijibu kavu. Nilisikia vizuri. Nilitwika ndizi zangu, nikafunga kamba kwenye paji la uso, na nikaenda bila kumuambia.